Sanduku la Leitner

SANDUKU LA LEITNER ni chombo cha kudurusu msamiati wa lugha ya kigeni, kilichoelezwa na mwandishi wa habari Sebastian Leitner katika kitabu chake cha Kijerumani *So lernt man lernen*, kilichotoka mwaka 1972. Ni sanduku refu, jembamba, lenye vyumba 5 visivyolingana: cha kwanza kina upana wa sentimita 1, cha pili 2, kisha 5, 8 na 14.

Kadi, yenye neno upande mmoja na maana yake upande wa pili, huanzia chumba cha kwanza, ambacho hupitiwa kila siku. Ikijibiwa sawasawa husogezwa mbele, na ikikosewa, hata ikiwa imekwisha fika cha nne, hurejeshwa cha kwanza bila ya kuhurumiwa. Vyumba vingine haviguswi mpaka vijae, na kwa kuwa kila kimoja ni kipana kuliko kilichotangulia, neno lililothibiti moyoni hungoja siku nyingi kabla ya kuulizwa tena, ilhali neno korofi humrudia mwanafunzi kila kukicha.

Msingi wake ni kazi ya Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima nafsi yake kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885. Alipojifunza upya alichokwisha kukihifadhi, taabu aliyoiokoa ilikuwa yapata 44 kwa mia baada ya saa 1, 34 baada ya siku 1, na 21 baada ya siku 31. Yaani usahaulifu huja kwa kasi mwanzoni, kisha hupunguza mwendo, na ndiyo sababu marudio ya awali yakaribiane na ya baadaye yaachane.

Lakini sanduku halimfai kitu mwanafunzi anayegeuza kadi kabla hajalitafuta neno akilini, na hili, kwa bahati mbaya, ndilo lipuuzwalo kuliko yote. Kwani kulisoma jibu humpa mtu dhana ya kulijua, na kumbe kinacholikaza neno ni ule muda mfupi wa kuhangaika nalo. Kadi nayo yataka busara. Mgeni anayejifunza Kiswahili akiandika *ufunguo* peke yake, atalikumbuka neno na bado atakosea kusema; heri aandike *ufunguo umepotea*, na katika kadi nyingine *funguo zimepotea*, apate umoja, wingi na upatanisho kwa mara moja.

Tangu Mpolandi Piotr Woźniak alipotengeneza programu ya SuperMemo mwaka 1987, na baadaye ilipotoka programu nyingine, Anki, mwaka 2006, hesabu ya siku hufanywa na kompyuta kwa kila neno mbali mbali. Hata hivyo, mwenye kuacha kazi kwa juma zima hukuta kadi zimemrundikia, na aghalabu hukata tamaa hapo. Huyo yampasa asiongeze neno jipya hata moja, bali aligawe deni lake kwa siku kadhaa mpaka liishe.