Kupekua Rejista ya Ardhi: Mwongozo kwa Waamini wa Lamu

Nabii Yeremia aliponunua shamba la Anathothi, alitia hati muhuri mbele ya mashahidi, kisha akaagiza iwekwe katika chombo cha udongo ipate kudumu (Yer 32:9-14). Busara hiyo yatupasa nasi wa pwani ya Lamu, ambako ujenzi wa bandari, uliozinduliwa mwaka 2012, umewavuta wengi kutafuta ardhi.

Kifungu cha 34 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 chatoa haki ya kupata taarifa za kipande chochote kilichosajiliwa. Mwombaji hupeleka nambari ya kipande kwa msajili wa ardhi, hujaza fomu, hulipa ada na kupewa cheti cha upekuzi. Humo tusome ukubwa wa kipande, jina la mmiliki, na vizuizi kama vile rehani au tahadhari. Upekuzi ufanyike karibu na siku ya malipo, maana rejista hubadilika.

Hata hivyo, rejista hueleza yaliyoandikwa tu. Ardhi ya jamii isiyosajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa amana, kwa mujibu wa Ibara ya 63 ya Katiba. Mtu mmoja hana mamlaka ya kuiuza. Kwa hiyo wazee na majirani nao waulizwe.

Kwa walio mbali, kama Kiunga, twashauri jumuiya ndogondogo imtume mwaminifu mmoja na nambari za familia kadhaa. Nauli ya mmoja ni nafuu kuliko shamba lililopotea.