Hema la Giza: Kamera Iliyorudishwa Njiani

Katikati ya mwaka 1861 Kapteni James Augustus Grant, Mskochi na askari wa jeshi la Uhindi, alikuwa akikaa Ukune, nchi ya Wanyamwezi ambayo siku hizi imo katika eneo la Kahama, mkoani Shinyanga. Mwenzake, John Hanning Speke, alikuwa amerudi Kaze, yaani Tabora, kutafuta wapagazi. Grant akabaki na mizigo kwa miezi kadhaa, mgeni wa mtemi Ukulima, mzee mcheshi aliyependa pombe na mazungumzo. Alikuwa na wasaa mwingi. Akaandika habari za kilimo, ngoma, ndoa na maradhi, na alichokiona kwa macho alikichora kwa penseli na rangi za maji.

Mtu asiyejua mwanzo wa safari hiyo angedhani kwamba kuchora ndiyo kazi aliyopewa. Sivyo. Grant aliondoka pwani akiwa ndiye mpiga picha wa msafara. Walipokaa Unguja, tangu Agosti hadi Septemba 1860, alikuwa amekwisha kupiga picha za mji, na picha hizo ni miongoni mwa za kwanza kabisa kupatikana katika pwani hii. Kamera yake ilikuwa ya macho mawili, yenye kupiga picha mbili pamoja zinazokaribiana kama jicho la kulia na la kushoto yanavyokaribiana, ili mtu akizitazama kwa chombo chake aone kitu kimesimama mbele yake na nyuma yake pana nafasi. Basi chombo hicho kilifika bara, lakini hakikufika Ukune. Speke mwenyewe ameandika katika kitabu chake cha mwaka 1863 kwamba baada ya muda alivirudisha vyombo vya picha, kwa kuwa aliona kazi hiyo ni nzito mno kwa hali ya hewa ya nchi, na Grant akajaribu rangi za maji badala yake. Ni maneno machache yaliyopachikwa kati ya habari za vipimajoto na ukusanyaji wa mimea. Matokeo yake hayakuwa machache: nchi yote tangu Unyamwezi hata ukingo wa ziwa Nyanza ikapitwa pasipo picha hata moja.

Je, ilikuwa kweli kwamba hali ya hewa iliikataa kamera? Ili kulijibu swali hilo hapana budi kuitazama kazi yenyewe ilivyokuwa.

Njia iliyotumika sana mwaka 1860 ilikuwa ile ya Frederick Scott Archer, Mwingereza, aliyeitangaza mwaka 1851. Mpiga picha huchukua kioo kisafi, akakimwagia kolodioni, yaani pamba iliyotiwa asidi kisha ikayeyushwa katika etha na spiriti. Huinamisha kioo huku na huku hata dawa ienee sawasawa. Kisha hukitia gizani katika maji yenye chumvi ya fedha, na hapo ndipo kioo kinapopata uwezo wa kushika mwanga. Lakini uwezo huo hudumu maadamu kioo ki mbichi. Kikikauka, basi. Kwa hiyo kioo hutiwa katika kamera kikidondoka, picha hupigwa, na palepale hurudishwa gizani kimwagiwe dawa ya kuitokeza picha, kisha dawa ya kuithibitisha. Yote hayo lazima yamalizike katika dakika kama 10, na katika jua kali hupungua hata zisifike hizo.

Ndiyo sababu mpiga picha wa siku zile hakuweza kusafiri bila chumba cha giza. Porini chumba hicho kilikuwa hema dogo la kitambaa kizito, lililoshonwa lisipenye hata mwali wa mwanga, wala upepo. Mtu huingia ndani mzima, akafunga mlango, akafanya kazi katika mvuke wa etha, nje jua likiwaka juu ya kitambaa. Nayo etha huchemka kwenye joto la nyuzi 35 hivi za sentigredi, joto ambalo hema lililofungwa katika jua la Afrika hulipita bila shida. Kolodioni hukauka kabla haijaenea, na mtu aliye ndani hulewa, hutoka jasho na hukosa pumzi. Mtu mwenye homa, na wote wawili walishikwa na homa mara nyingi, angeweza kuzimia humo. Basi Speke hakusema uongo aliposema kwamba kazi ilikuwa nzito.

Hapa pana jambo la kando linalostahili kutajwa kwa sababu ya mahali penyewe. Dawa mojawapo iliyotumika kuithibitisha picha ya kolodioni ilikuwa sayanaidi, sumu kali, na picha zilizochapwa katika karatasi zilitiwa katika maji yenye chumvi ya dhahabu ili rangi yake ikolee na isififie upesi. Mwaka 1887 MacArthur na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest, katika mji wa Glasgow, wakavumbua namna ya kuyeyusha dhahabu kutoka katika mwamba kwa sayanaidi hiyohiyo. Mwaka 1898 Wajerumani wakatambua dhahabu katika nchi ya Geita. Mgodi ukafanya kazi tangu 1936 hata 1966, na mgodi mpya ukafunguliwa mwaka 2000. Kadhalika huko Kahama kwenyewe dhahabu ya Bulyanhulu ilikuja kuchimbwa kwa mitambo mikubwa tangu 2001. Kwa hiyo Grant aliketi miezi yote hiyo si mbali na dhahabu ambayo mafundi wa picha wa Ulaya walikuwa wakiinunua kwa gramu, na sayanaidi ya wapiga picha ndiyo iliyokuja kuitoa dhahabu hiyo mwambani.

Turudi kwenye swali. Ikiwa joto peke yake ndilo lililoshinda, basi lingewashinda na wengine. Francis Frith, Mwingereza, alisafiri Misri, Nubia na nchi za Shamu mara tatu kati ya 1856 na 1860, akifanya kazi kwa kolodioni hiyohiyo. Baadhi ya vioo vyake vilikuwa na urefu wa inchi 20 na upana wa inchi 16. Ameeleza jinsi dawa ilivyokuwa ikichemka alipoimwaga juu ya kioo. Hema lilipomchosha aliingia katika makaburi ya kale yaliyochongwa majabalini, ambamo mna giza na ubaridi, akayafanya vyumba vyake vya kazi. Katika msafara wa Livingstone wa mto Zambezi, ulioanza mwaka 1858, Charles Livingstone, ndugu yake kiongozi, ndiye aliyepewa kazi ya picha, na haikumwendea vizuri; lakini daktari wa msafara, John Kirk, ambaye baadaye alikaa miaka mingi Unguja, alifanikiwa. Kirk alitumia pia karatasi iliyopakwa nta badala ya kioo. Karatasi hiyo huandaliwa mapema ikiwa kavu, huchukuliwa mkobani, na picha yake yaweza kutokezwa usiku mtu atulieapo kambini. Ni polepole, na haifai kwa mtu anayetembea mbele ya kamera. Kwa mlima, nyumba, mti au mzee aliyeketi kwa utulivu, inafaa kabisa.

Lililo la ajabu zaidi ni kwamba dawa ya hema la giza ilikwisha kupatikana, tena kwa mkono wa Archer yuleyule. Kabla hajafa mwaka 1857 alikuwa ametengeneza kamera ambayo kioo chaweza kuandaliwa na kutokezwa ndani yake yenyewe. Ubavuni mwa sanduku alitia mikono ya kitambaa. Mpiga picha hupenyeza mikono yake humo, akafanya kazi gizani, na mwili wake ukabaki nje penye hewa. Maana yake ni kwamba hema lilipunguzwa likawa kasha. Anayeingia gizani ni mikono tu.

Wazo hili halikufa pamoja na mwenyewe. Katika karne ya 20 lilienea duniani mikononi mwa wapiga picha wa barabarani, ambao wengi wao hawakupata kulisikia jina la Archer. Afghanistan waliiita kamra-e-faoree, yaani kamera ya papo hapo. Brazil waliiita lambe-lambe. Afrika ya Magharibi nako ilikuwa maarufu. Sanduku lilitengenezwa na seremala wa mtaani. Mbele huwa na lenzi, mara nyingi imetolewa katika kamera kuukuu. Ndani huwa na kioo chenye ukungu kinachosogezwa mbele na nyuma ili picha ikae sawa, na chini yake visahani viwili, kimoja cha dawa ya kutokeza na kimoja cha kuthibitisha. Pembeni hushonwa mkono wa kitambaa, mara nyingi wa suruali au koti lililochakaa, na juu huwekwa tundu lenye kioo chekundu la kuchungulia, kwa maana karatasi ya picha haioni wekundu. Fundi huifungua lenzi kwa kuondoa kifuniko kwa kiganja, akihesabu moyoni, kisha akakirudisha. Karatasi inayotoka huwa na picha ya kinyume, nyeusi penye weupe. Fundi huibandika katika ubao mbele ya lenzi, akaipiga picha hiyo picha, na kinyume cha kinyume kikawa sura ya mteja. Kazi yote huchukua dakika chache, na haihitaji umeme wala jengo.

Mtu akilitazama sanduku hilo vizuri ataona kwamba hakuna kitu ndani yake ambacho hakikuweza kupatikana mwaka 1860. Karatasi ya kinyume ilikuwa imevumbuliwa na Talbot, aliyeiwekea hataza mwaka 1841. Mikono ya kitambaa ilikuwa ya Archer. Mbao za mninga zimejaa katika misitu ya Unyamwezi. Wala msafara haukukosa nguvu ya kubeba: mzigo wa mpagazi ulikuwa kama ratili 60 au 70, na msafara huu ulibeba shanga, nguo na nyaya za shaba kwa makumi ya mizigo. Waliokosekana ni watu wenye kuona kwamba sura za watu na vijiji zilikuwa na thamani sawa na vipimo vya nyota na vya joto. Speke alikwisha kufika ukingo wa ziwa tarehe 3 Agosti 1858, akitokea Kaze na kuipita nchi ya Usukuma, na wengi, Burton akiwa wa kwanza, hawakuyakubali aliyoyasema juu ya chanzo cha Nili. Safari ya pili alikuja kutafuta uthibitisho, na kwake yeye uthibitisho ulikuwa latitudo na longitudo. Picha ilikuwa pambo, na pambo ndilo la kwanza kutupwa njia inapokuwa ngumu.

Ni haki kusema na la upande wa pili. Mnamo Septemba 1861, Grant alipoondoka Ukune kumfuata Speke, watu wa mtemi Myonga waliuvamia msafara wake, wakawatawanya wapagazi na kunyang'anya mizigo. Vioo vyenye picha, kama vingekuwako, huenda vingekuwa vigae siku ile. Na huko Karagwe Grant alilala miezi mingi kwa ugonjwa wa mguu, asiweze hata kusimama. Hata hivyo michoro ilinusurika, na karatasi ya Kirk haikuwa na udhaifu wa kioo.

Hasara yenyewe yaonekana mtu akifungua kitabu cha Speke. Michoro ya Grant haikuchapwa kama ilivyotoka mkononi mwake. Ilichorwa upya juu ya mbao na J. B. Zwecker, msanii aliyekuwa London na ambaye hakupata kuiona nchi hiyo, kisha ikachongwa na kuchapwa. Zwecker alikuwa hodari wa kuchora wanyama na watu wa nchi za mbali kwa namna iliyowapendeza wasomaji wa Kiingereza. Kwa hiyo sura ya Mnyamwezi iliyosomwa Ulaya ilikuwa imepita katika macho mawili kabla ya kufika: la Grant aliyemwona, na la Zwecker aliyemdhania. Mishono ya nguo, namna ya kusuka nywele, mapigo ya jembe, mwinamo wa paa la msonge, mambo ambayo mwanahistoria angetaka kuyapima leo, hayawezi kupimwa kwa mchoro wa namna hiyo. Kamera ya macho mawili ingeyaacha hata yale ambayo Grant mwenyewe hakuyatambua: mtoto anayechungulia nyuma ya nguzo, chungu kilichovunjika uani, kivuli cha mpagazi aliyeshika hema.

Stanley alipofika Kagehyi, Usukuma, Februari 1875, alikuwa na kamera, na baadhi ya michoro ya kitabu chake cha 1878 imefuata picha alizozipiga mwenyewe. Tangu hapo giza lilianza kutengana na safari. Sahani kavu za jelatini, alizozibuni Maddox mwaka 1871, zilipoenea, mpiga picha aliweza kungoja siku nyingi kabla ya kuitokeza picha. Jelatini nayo ilileta ubishi wake: hulegea katika maji ya uvuguvugu hata picha ikateleza kwenye kioo, na wadudu huipenda kama chakula. Ushauri wa nchi za joto ulikuwa kufanya kazi usiku wa manane au alfajiri, kutia shabu ili jelatini ikaze, na kutumia maji yaliyopoa. Kwa jambo hilo la mwisho mtungi wa udongo, unaotoa jasho na kuyapoza maji yaliyomo, haukuwa na mshindani, nao ulikuwako Ukune tangu Grant alipokaribishwa huko.

Michoro yake ya rangi za maji imehifadhiwa Edinburgh, katika Maktaba ya Taifa ya Uskochi. Ile ya Unyamwezi imo, kazi ya mkono wa mtu aliyeketi nje ya hema la giza.