Kumbe balbu kuungua mapema ilipangwa!

Wasee, mkidhani balbu huungua tu kwa bahati mbaya, sikieni hii. Mwaka 1924, kampuni kubwa za balbu, zikiwemo Osram ya Ujerumani na Philips ya Uholanzi, zilikutana Geneva, Uswizi, zikaunda muungano ulioitwa Phoebus. Balbu nyingi za wakati huo ziliwaka saa 1,500 na zaidi. Wakakubaliana zishuke hadi 1,000.

Na hawakuwa wanacheza. Kila kampuni ilipeleka sampuli zipimwe, na ile ambayo balbu zake zilidumu kupita kiasi ilipigwa faini. Ndio, faini ya kutengeneza kitu poa! Walijitetea eti balbu ya maisha mafupi hutoa mwanga zaidi kwa stima ile ile, na hapo hawakudanganya. Lakini faini ndiyo iliwaumbua.

Vita vya Pili vya Dunia viliua Phoebus. Siku hizi hakuna haja ya mkutano, ushindani wenyewe unatosha. Kila mwaka simu mpya inatoka, ya jana inaonekana ya kishamba. Mulika mwizi ulitoa betri kwa kucha. Hizi za sasa zimefungwa na gundi.

Mwaka 2017 Apple ilikiri kupunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka, ikasema ni kuzuia zisizimike ghafla. Ufaransa iliipiga faini ya euro milioni 25 mwaka 2020 kwa kutowaambia wateja. Betri mpya tu ingerudisha ile kasi, lakini nani angejua? Wengine walikuwa washanunua simu ingine.