Seli Ikiungua na Jua, Nani Anakanyaga Breki?

Mwaka 1944, Evelyn Witkin, mwanafunzi wa uzamivu mwenye miaka 23, alikuwa maabara ya Cold Spring Harbor, New York. Alichukua bakteria E. coli wa aina B akawamulika kwa mionzi ya urujuanimno. Dozi ilikuwa kali mno: vilibaki vikundi vinne tu. Humo akapata ukoo mpya, B/r, unaostahimili mionzi kuliko wazazi wake.

Alipochungulia kwenye hadubini aliona jambo la ajabu. Bakteria wa B waliopigwa mionzi walizidi kurefuka kama nyoka bila kugawanyika, mpaka wakafa. Wale wa B/r waliendelea kugawanyika. Kwa nini seli iliyojeruhiwa iendelee kukua lakini igome kugawanyika?

Hebu tuanze na jeraha lenyewe. Mionzi hii hugandisha pamoja herufi mbili za DNA zilizo jirani, na mashine ya kunakili ikifika hapo inakwama. Seli ikigawanyika katika hali hiyo, watoto wanarithi nakala mbovu. Kwa hiyo inasimama kwanza, itengeneze.

Mwaka 1967 Witkin alipendekeza kwamba kurefuka huko kunaongozwa na mfumo mmoja unaowasha jeni nyingi kwa pamoja. Miroslav Radman naye akaufikia wazo hilo kwa njia yake, akauita SOS. Leo tunajua kwamba protini RecA hugundua uharibifu, kizuizi LexA kinakatika, na protini SulA inatengenezwa kuzuia mgawanyiko. Kazi ikiisha, SulA huondolewa na protini Lon. Sasa, bakteria wa B hawana Lon! Breki ilishika, haikuachia. Na B/r walipona kwa sababu SulA yao ilikuwa imeharibika.

Je, tuseme breki ndiyo adui? Hapana. Mwaka 1988, Ted Weinert na Leland Hartwell walichunguza hamira isiyo na jeni RAD9. Baada ya kupigwa eksirei, hamira hii haikusimama, ikaendelea kugawanyika na vinasaba vilivyovunjika, nyingi zikafa. Watafiti wakazisimamisha kwa dawa, yaani wakazikanyagia breki wao wenyewe. Zilizopona zikaongezeka! Kumbe uwezo wa kutengeneza ulikuwepo muda wote. Kilichokosekana ni muda. Mwaka 2001 Hartwell alikuwa mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobel kwa utafiti wa mzunguko wa seli.

Kwetu binadamu, breki kubwa ni protini p53. DNA ikiharibika, p53 huongezeka na kuwasha jeni ya p21, inayosimamisha mzunguko. Jeraha likizidi, seli hujiua. Tatizo ni kwamba jeni ya p53 nayo ni DNA, na jua haliichagui. Mwaka 1991 Douglas Brash na wenzake walikuta katika saratani za ngozi mabadiliko ya p53 yenye alama ya mionzi hii.

Hapa ndipo habari inapotufikia. Watu wenye ualbino wana p53 nzima kama mtu yeyote. Wanachokosa ni melanini ya kupunguza mionzi, hivyo breki zao hukanyagwa kila siku ya jua, mpaka siku moja seli moja inaipoteza. Kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua si urembo: ni kuipunguzia seli kazi kabla breki haijakatika.