Kwa Kaka Mkubwa: Dashain Kutoka Bhutan Hadi Columbus

Kilele cha Dashain, sikukuu kuu ya Wahindu wa Nepal, ni siku ya kumi, mkubwa wa ukoo anapowapaka wadogo tika pajini, yaani mchele uliochanganywa na mtindi na rangi nyekundu, kisha akawapa miche michanga ya shayiri na kuwaombea dua. Wazazi wakishafariki, wadogo huelekea nyumbani kwa kaka mkubwa. Daraja hii ya umri, zaidi ya hekalu lolote, ndiyo iliyoivusha Dashain hadi Louisville, Columbus na Buffalo nchini Marekani.

Waliokuja nayo ni Lhotshampa, watu wa asili ya Nepal waliokaa kusini mwa Bhutan. Sheria ya uraia ya 1985 iliwabana. Mwaka 1989 wakalazimishwa kuvaa vazi la taifa na lugha yao ikaondolewa shuleni. Kuanzia 1990 walifukuzwa au wakakimbia, na zaidi ya 100,000 wakaishia katika kambi saba za mashariki mwa Nepal. Marekani ilipokea zaidi ya 90,000 kati yao kuanzia 2008 na kuwatawanya katika miji mingi. Wengi walihama tena kwa hiari, na Columbus ikawa makazi yao makubwa kuliko yote nchini humo.

Wapo watakaosema walifuata kazi za maghala na kodi nafuu. Ni kweli, ila haitoshi. Louisville nayo ina maghala, na Buffalo, iliyopoteza zaidi ya nusu ya wakazi wake kati ya 1950 na 2010, haikukosa nyumba. Riziki ikilingana, anayeamua ni ndugu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba Dashain ilikuwa sikukuu ya watawala: tangu miaka ya 1990 baadhi ya jamii za asili nchini Nepal zimeisusia kwa sababu hiyo. Hata hivyo, miongoni mwao wapo wanaopaka tika nyeupe badala ya nyekundu. Rangi waliikataa, mkono wa mkubwa wakauacha pale pale.

Wakongo wanaozungumza Kiswahili katika miji hiyo hawahitaji kufafanuliwa nafasi hii ya mkubwa. Methali husema mkubwa ni jalala: kifungua mimba anayepewa heshima ya kupaka tika ndiye pia asiyeweza kufunga mlango wake siku ya kumi.