Upanga wa Cid Ukutani: Yajue Haya Kabla ya Kununua

Kakangu ni baharia. Miaka kadhaa nyuma meli yao ilitia nanga Valencia, Uhispania, na aliporudi Mombasa aliniletea zawadi: upanga wa kung'ara, kipini cheusi, na jina Tizona limechorwa kwenye bapa. Nikautundika sebuleni. Siku ya harusi ya jirani, mpwa wangu akauteremsha ili awaige wachezaji wa kirumbizi. Mzungusho wa pili tu, bapa likachomoka kwenye kipini, likapita juu ya kichwa cha mtoto na kugonga mlango. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia. Ndipo nilipoanza kuuliza: nimetundika kitu gani?

Panga zenyewe ni zipi?

Tizona ni upanga unaonasibishwa na Rodrigo Díaz de Vivar, aliyefariki Valencia mwaka 1099. Jina lake la El Cid linatokana na neno la Kiarabu "sayyid", lile lile ambalo sisi Waswahili tunalijua vyema. Hadithi humfanya adui wa Waislamu, lakini historia ina mengi zaidi: alipofukuzwa na mfalme wake, alimtumikia kwa miaka mtawala Mwislamu wa Zaragoza. Utenzi wa kale wa Kihispania unasema alimpokonya Tizona mfalme Búcar wa Morocco. Upanga wake wa pili, Colada, aliupata kwa mtawala wa Barcelona. Zote mbili aliwatunuku wakwe zake, nao walipowapiga na kuwatelekeza binti zake, akadai arudishiwe mbele ya mfalme.

Upanga unaoitwa Tizona uko katika jumba la makumbusho la Burgos. Serikali ya jimbo la Castilla y León iliununua mwaka 2007 kwa euro milioni 1.6, ingawa wataalamu wanabishana kama kweli ulikuwa wa Cid. Kipini chake ni cha karne nyingi baada ya kifo chake.

Lobera ni wa mfalme Fernando wa Tatu, aliyeiteka Sevilla mwaka 1248. Umehifadhiwa katika kanisa kuu la mji huo.

Ulionigusa mimi zaidi ni ule wa Abu Abdallah, sultani wa mwisho wa Granada, ambaye Wahispania humwita Boabdil. Alitekwa vitani Lucena mwaka 1483, na Januari 1492 akaukabidhi mji. Upanga wake una kipini kilichopambwa kwa dhahabu na pembe za ndovu, chenye maandishi ya Kiarabu. Leo uko katika makumbusho ya jeshi, Toledo.

Kwa nini Toledo?

Mji huu, ambao Waarabu waliuita Tulaytula, ulikuwa mikononi mwa Waislamu hadi 1085. Wahunzi wake walisifika Ulaya nzima kwa panga zao. Hadi leo mafundi wake hugongomea nyuzi nyembamba za dhahabu kwenye chuma cheusi, kazi iliyopewa jina la mji wa Damascus.

Pambo si silaha

Panga nyingi za madukani hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu. Huvutia macho, lakini bapa refu la aina hiyo ni rahisi kuvunjika likipigwa. Tatizo kubwa ni msuka, yaani ile sehemu ya bapa inayoingia ndani ya kipini. Upanga wa kweli una msuka mpana unaopita hadi mwisho wa kipini. Wangu ulikuwa na kijiti chembamba kilichochomelewa. Hapo ndipo ulipokatikia.

Kwa anayetaka kununua, ushauri wangu ni huu:

1. Muulize muuzaji msuka ukoje. Asipojua, hesabu kwamba ni pambo tu.
2. Ukinunua nakala ya upanga wa Abu Abdallah, soma maandishi. Aliyepita chuoni atatambua mara moja kama ni Kiarabu au ni michoro tu.
3. Ikiwa ni chuma cha kawaida, upanguse na uupake mafuta ya cherehani mara kwa mara. Hewa yetu ya chumvi haina huruma.
4. Ukisafiri kwa ndege, uweke kwenye mizigo ya chini, wala usiingie nao ndani.
5. Usitembee nao barabarani. Kubeba silaha hadharani bila sababu halali ni kosa, na askari hatajua kuwa ni pambo.
6. Ufunge ukutani kwa skrubu, juu, watoto wasifike.

Wangu nimeurudisha ukutani, bapa limefungwa peke yake kwenye ubao. Kipini nimekiweka kabatini. Mgeni akiuliza kilikokwenda, humsimulia habari za Cid, kisha habari za mpwa wangu.