Spitzer: Hita Iliyokuwa Ikichomea Nyota Picha
Msee wa Nax, ukikaa kando ya jiko usiku wa baridi, ile joto inakugonga uso bila kugusa moto ni infraredi. Spitzer, darubini ya NASA iliyorushwa angani 2003, kazi yake ilikuwa kupima infraredi ya nyota.

Noma ilikuwa hapa. Sayari ikipita mbele ya nyota, mwanga hupungua kidogo tu, mara nyingi chini ya asilimia 1. Na kila pikseli ya kamera ya Spitzer ilishika mwanga vizuri katikati kuliko pembeni. Darubini ikiyumba kiasi, nyota inaonekana imefifia na haijafifia. Manze, hapo unaweza kutangaza sayari hewa!

Nani alikuwa anaiyumbisha? Hita ya betri, ikiwaka na kuzima. 2010 mainjinia wakafupisha mizunguko yake, kuyumba kukapungua karibu nusu. 2011 wakaanza kutumia kamera ya kulenga, nyota ikae pale pikseli iko fiti, na hiyo pikseli moja wakaichorea ramani yake.

2016 Spitzer ikaikodolea nyota TRAPPIST-1 karibu siku 20. Februari 2017 ikatangazwa: sayari 7. Hata upande Menengai usiku bila mawingu, hiyo nyota huioni kwa macho.